Binti wa dukani aliyepatikana Milan

Pert Kelly, muuzaji katika duka kubwa la bwana Peabody, amekesha akicheza dansi na kijana mtanashati. Asubuhi kachelewa kazini, anaitwa kwa mkuu wa wafanyakazi kujieleza. Anaingia, na mkuu mwenyewe ndiye yule kijana wa jana, mtoto wa mwenye duka.

Hiyo ni Why Be Good? ya mwaka 1929. Mazungumzo hayasikiki, ila Colleen Moore, aliyeigiza kama Pert, humaliza kila kitu kwa macho na mabega. Ndiyo raha ya vichekesho vya mapenzi vya enzi ya sinema bubu: aibu na tamaa unaziona zikipishana usoni kabla maandishi hayajatokea.

Bahati mbaya, vilivyobaki ni vichache. Utafiti wa Library of Congress wa mwaka 2013 ulionyesha kuwa kati ya filamu ndefu bubu karibu 11,000 zilizotengenezwa Marekani mwaka 1912 hadi 1929, asilimia 14 tu zimesalia katika umbo lake la awali. Utepe wa naitreti uliotumika kwa filamu hizo huoza, tena hushika moto upesi. Mwaka 1937 ghala la kampuni ya filamu ya Fox huko New Jersey liliteketea. Sauti ilipoingia, filamu za kimya zilikosa soko, na baadhi zilichomwa makusudi ili kupata madini ya fedha yaliyomo. Nani angehangaika kutunza kichekesho cha msimu uliopita?

Moore alihangaika. Alikabidhi filamu zake kwa Museum of Modern Art, New York, na huko huko nyingi zikaharibika. Flaming Youth ya mwaka 1923, iliyompa umaarufu na kueneza mtindo wake wa nywele fupi, imebaki kipande tu.

Muziki wa Why Be Good? ulikuwa kwenye santuri, nazo zilisalimika wakati picha zenyewe zikidhaniwa zimepotea. Nakala ikaja kupatikana kwenye hifadhi ya filamu jijini Milan. Picha na santuri zikaunganishwa upya, na filamu ikaonyeshwa tena mwaka 2014.

Nayo haijachakaa. Kijana, akichochewa na baba yake, anamtega Pert ili ajue kama ni msichana wa heshima. Pert anamgeuzia kibao: wanaume ndio wanaotaka wasichana wavae na kucheza hivyo, kisha wao hao wanawahukumu.