Mguu wa Kulia, Mguu wa Kushoto: Historia ya Jaribio Dogo la Funza

Funza alikuja Afrika kwa meli. Mwaka 1872 meli iitwayo Thomas Mitchell, iliyotoka Brazil, ilifika Ambriz, Angola, ikiwa na mchanga wa kuipa uzito, na viroboto hao wakashuka na mchanga. Waliandamana na misafara, na kabla ya karne kwisha walikuwa wamefika Afrika Mashariki. Murang'a, Kenya, ambako Wakikuyu humwita ndutu, funza bado anatesa watoto na wazee. Utafiti uliofanywa Kiharu ukachapishwa mwaka 2015 ulimkuta huko.

Tiba ya nyumbani ilikuwa pini au mwiba, pamoja na vidonda vyake. Kisha likaja beseni la dawa ya zambarau, pamanganeti ya potasiamu, ambalo lilienea kwa mazoea zaidi kuliko kwa ushahidi.

Ushahidi ulikuja mwaka 2014, katika jaribio la vijijini Kenya lililohusisha watoto 47 tu. Idadi hiyo ikigawanywa makundi mawili, tofauti za umri, usafi na wingi wa funza zingeweza kuficha ukweli. Watafiti wakaamua kila mtoto alinganishwe na nafsi yake: mguu mmoja uloweshwe pamanganeti, mwingine upakwe mafuta ya dimetikoni yanayoziba tundu ambalo funza hupumulia. Miguu yote miwili hukanyaga vumbi lilelile. Baada ya siku saba wakatazama kama funza bado anatoa mayai, kinyesi au majimaji, au anapwitapwita. Upande wa dimetikoni asilimia 78 ya funza hawakuwa na dalili ya uhai. Upande wa pamanganeti, 39.

Ninaupenda mpango huu kwa sababu haukuhitaji kumwacha mtoto yeyote bila dawa. Lakini una masharti. Haufai kwa kidonge, kwa kuwa dawa iliyoingia damuni hufika miguu yote miwili. Wala mtoto mwenye funza 30 hahesabiwi kuwa wagonjwa 30. Funza hao wanaishi mwilini mwa mtu mmoja, na hesabu isiyozingatia hilo hudanganya. Siku za jaribio nazo ni chache, maana funza hufa mwenyewe baada ya wiki kadhaa hata asipotibiwa.

Basi wakuu wa afya wa Murang'a wasikubali kuambiwa kwamba kijiji kina wagonjwa wachache mno kwa utafiti. Dawa mpya ya kupaka ikiletwa Kiharu au Kandara, ipimwe kwanza mguu kwa mguu, kabla ya kununuliwa kwa fedha za umma.