Ukurasa wa Daftari

Daftari langu la mwaka 1994 lina ukurasa mmoja nisiopenda kuufungua. Kushoto nimeandika: kukata mguu, ng'ombe mmoja. Kulia: kumpeleka mgonjwa mbali akapasuliwe mshipa, ng'ombe watano, pamoja na nauli na chakula cha muuguzaji. Chini nimepiga mstari wa jumla kwa rula, kama tulivyozoeshwa chuo cha ualimu.

Mgonjwa alikuwa kaka yangu, fundi cherehani na mvutaji mkubwa wa sigara. Kwa miaka miwili hakuweza kufika sokoni bila kusimama njiani akiugulia shavu la mguu. Tukadhani ni uzee. Kumbe mishipa ipelekayo damu miguuni ilikuwa ikizibwa na mafuta, na tumbaku ikizidi kuiharibu. Kidole kilipogeuka cheusi ndipo tulipokwenda hospitali.

Msomaji akumbuke kwamba baada ya Azimio la Arusha la 1967 tulizoea matibabu ya bure katika hospitali za serikali. Uchangiaji wa gharama ulianza Julai 1993, nasi tukajikuta tukipiga hesabu ambazo zamani Serikali ilitupigia. (Gharama zilikuwapo siku zote, hatukuoneshwa tu.)

Sikujua wakati ule kwamba kulikuwa na njia nyingine, tena za siku nyingi. Mwaka 1948, huko Paris, Jean Kunlin alichukua mshipa wa mgonjwa mwenyewe akaufanya mchepuko wa kupita pale palipoziba. Tarehe 16 Januari 1964, mjini Portland, Marekani, Charles Dotter alipanua kwa mirija mshipa wa bibi wa miaka 82 aliyekataa kukatwa mguu, na bibi yule akaendelea kutembea kwa miguu yake miwili. Mwaka 1974 Andreas Grüntzig wa Zürich akautia mrija kipira kinachotunishwa ndani ya mshipa. Basi kaka yangu alipolazwa, kazi ya Dotter ilikwisha kutimiza miaka 30.

Nilichagua ng'ombe mmoja. Wazee wa ukoo wakanisifu kwa busara.

Hesabu yangu ilikomea mlangoni mwa hospitali. Sikuandika cherehani ya kukanyaga, aliyoijaribu kwa mguu mmoja akaishia kuiuza. Sikuandika mguu wa bandia, uliomchubua hadi akarudia magongo. Wala sikumwandika binti yake, aliyeacha shule darasa la sita ili amhudumie baba. Mimi, mwalimu mkuu, ndiye niliyelikata jina lake katika daftari la mahudhurio. Kabla ya mwaka wa pili kwisha tulikuwa tumeuza ng'ombe wa sita.

Kaka hakunilaumu. Mara moja tu aliniuliza, "Mwalimu, na huu uliobaki umeuwekea ng'ombe wangapi?" Ulikuwa umeanza kuuma nao, maana mishipa inayoziba haichagui mguu.

Mwaka 2001 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza na watumishi wa serikali, mimi nilipata kadi. Yeye alikuwa fundi cherehani.