Mbuga kwa Kipimo cha Mtoto

Hifadhi zetu za taifa zilichorwa na watu wasiokuwa na watoto mapajani. Sisemi hivi kwa kuwalaumu. Ndivyo historia inavyoonyesha. Wageni wa mwanzo waliokuja Afrika Mashariki kwa ajili ya wanyama walikuwa wawindaji, watu wazima wenye fedha na wapagazi wengi, na safari yao ilichukua wiki hata miezi. Serengeti ilipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, desturi za safari hizo hazikufutika. Kamera ilishika nafasi ya bunduki, basi. Kuamka kabla ya alfajiri, mwendo mrefu, kimya mbele ya simba aliyelala: yote hayo ni urithi wa mwindaji. Mtoto wa miaka mitatu hayawezi.

Tena watoto walikuwamo humo, ila hawakuwa wageni. Watoto wa Kimaasai walichunga mifugo karibu na pundamilia na nyumbu, na mnyama kwao alikuwa jirani wa kila siku. Mwaka 1959 wazazi wao walihamishwa kutoka Serengeti kwenda upande wa Ngorongoro, nao wakaondoka pamoja nao. Kwa hiyo tulirithi hifadhi ambazo mtoto aliyezijua alitolewa nje, na mtoto wa mjini hakuwa amefikiriwa bado.

Wenzetu wa Kenya walipata bahati ya jiografia. Hifadhi ya Nairobi, ya kwanza nchini mwao, ilitangazwa Desemba 1946 pembezoni mwa jiji lenyewe, kiasi cha kilomita saba tu kutoka katikati ya mji. Mzazi angeweza kwenda na kurudi kabla mtoto hajachoka. Katika miaka ya 1960 kikafunguliwa karibu na lango kituo cha kulelea wanyama walioachwa yatima. Huko mtoto alitembea kwa miguu yake, akasimama alipotaka, akamwona mnyama mchanga kama yeye. Wako wanaosema kwamba mnyama aliyefungiwa si mnyama wa porini, nami nawaelewa. Lakini kwa mtoto mdogo hapo palikuwa mlango, na kila nyumba huingiwa kwa mlangoni.

Kwetu sisi tunaoishi upande wa Dar es Salaam, mlango wetu umekuwa Mikumi. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu ya kwenda Iringa hupita ndani yake kwa kilomita hamsini hivi. Abiria wa basi huona twiga na swala bila kulipa hata senti. Wataalamu huilalamikia barabara hiyo, na wana haki, maana magari huua wanyama. Hata hivyo, maelfu ya watoto wa nchi hii walimwona tembo wao wa kwanza kupitia dirisha la basi, wakiwa njiani kwenda kwa bibi na babu.

Mwezi wa Agosti 1996 tuliwapeleka wetu, binti wa miaka sita na mdogo wake wa miaka mitatu. Mama watoto alikuwa amekwisha kuamua kwamba ratiba ya siku itafuata tumbo la yule mdogo. Tulilala Morogoro ili kuikata njia vipande viwili. Tulibeba uji kwenye chupa ya chai, ndizi mbivu, kopo la haja ndogo, na nguo za mikono mirefu kwa sababu ya mbung'o. Tuliingia asubuhi kukiwa na ubaridi, na jua lilipopanda tukatoka kwenda kupumzika, kwa maana saa za mchana wanyama nao hujificha vivulini. Jioni tulirudi kwa saa moja na nusu tu, tukaenda moja kwa moja kwenye bwawa la viboko, mahali ambapo watu huruhusiwa kushuka garini.

Simba hatukumwona. Watu wazima tuliokutana nao walitupa pole, lakini watoto hawakuwa na habari na simba. Walichokipenda ni ngiri. Ngiri akila nyasi hupiga magoti ya mbele, na binti yangu alipomwona aliniuliza kwa sauti ndogo, “Baba, yule anasali?” Tulikaa na ngiri huyo kwa muda ambao dereva wa watalii asingeuvumilia. Hapo ndipo nilipoona kwamba mtoto hahesabu wanyama. Humchukua mmoja, akakaa naye.

Iko mipaka, lakini, isiyopindishwa kwa ajili ya familia yoyote. Kwenda kuwaona sokwe wa milimani huko Bwindi nchini Uganda, au kwenye milima ya volkano ya Rwanda, ni lazima mtu awe ametimiza miaka 15. Wazazi wengine huona ni ukali usio na sababu. Sababu ipo. Maradhi yetu huwaambukiza jamaa zetu hao wa msituni, na watoto ndio wenye mafua yasiyokwisha. Gombe, mwaka 1966, ugonjwa wa kupooza uliwapata sokwe. Wengine walikufa, wengine wakalemaa. Mzazi anayemwambia mwanawe “subiri ukue” anamfundisha pia kwamba mnyama ana haki yake.

Mambo mengine yamekuwa mepesi. Wenye chini ya miaka mitano hawalipi kiingilio katika hifadhi za Tanzania. Tangu Juni 2024 treni ya umeme huwafikisha abiria Morogoro kutoka Dar es Salaam, na ndani ya treni mtoto anaweza kusimama, kutembea na kwenda chooni. Wakubwa kidogo wana vilabu vya shuleni: Kenya ilianzisha vyake mwaka 1968, nasi tukapata vilabu vya Malihai mwaka 1980.

Msomaji wangu, huenda ukaona ni mambo madogo haya ya uji na kopo. Lakini hifadhi hizi hazitalindwa na wageni. Miaka thelathini ijayo atakayeamua kama barabara nyingine ipite mbugani, au kama shamba lisogezwe mpaka mpakani, ni huyu anayesinzia leo kiti cha nyuma. Tukimlazimisha siku nzima ya vumbi na njaa, atakumbuka vumbi na njaa. Tukimpa saa mbili na ngiri mmoja, atakuwa na mtu wake kule porini, na mtu hawezi kumuuza jamaa yake kwa urahisi.