Kengele ya Usiku wa Manane: Ukarimu wa India na Sherehe Zinazoita Wasafiri

Mwaka 1801 Serfoji wa Pili, mfalme wa Thanjavur kusini mwa India, alimwandikia barua mwakilishi wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Kiti cha ufalme alikuwa nacho, lakini utawala wenyewe ulikuwa umeshahamia mikononi mwa Kampuni. Jambo lililomkosesha usingizi lilikuwa chatram, yaani nyumba za kupokelea wasafiri, zilizofuatana kando ya njia ya mahujaji waendao Rameswaram. Nyumba hizo ziliendeshwa kwa mapato ya ardhi na vijiji vilivyotengwa kwa kazi hiyo, nao Waingereza walikuwa na macho makali kwa kila shamba lisilowalipa kodi.

Barua ile inaeleza utaratibu kwa kina. Msafiri yeyote aliyefika, awe Brahmini au mtu wa jamii zilizodharauliwa, alipewa wali uliopikwa. Asiyeweza kula cha mkono wa mwingine alipimiwa mchele mbichi na viungo, akajipikie. Ugawaji uliendelea hadi usiku wa manane, na hapo kengele iligongwa na tangazo kutolewa kwamba aliyebaki na njaa ajitokeze, chakula chake kipo. Waliozuiwa na mvua walipewa posho mpaka njia ifunguke. Palikuwa na waganga wa maradhi na wa sumu ya nyoka, maziwa ya watoto wachanga, uangalizi wa wajawazito. Na aliyefia safarini alizikwa au kuchomwa kwa desturi za watu wake.

Ninayaanzia makala haya hapo kwa sababu ukarimu wa India husimuliwa mno kama tabia ya moyo. Mwaka 2005 Wizara ya Utalii ya India iliuchukua usemi wa kale wa Kisanskriti unaomweka mgeni katika daraja la mungu, ikaufanya jina la kampeni: Atithi Devo Bhava. Mafundisho hayo ni ya kweli na yana zaidi ya miaka elfu mbili. Ila moyo mwema haupiki wali wa watu elfu moja kila siku. Nyuma ya kila sherehe kubwa iliyowavuta watu kutoka mbali palikuwa na ghala, karani wa hesabu, kisima, na mtu au ardhi ya kugharimia. Kwa msomaji wa Kiswahili anayejua wakfu ni nini, historia hii haina ugeni mkubwa.

Ushahidi wa zamani umechongwa kwenye mawe. Katika karne ya tatu kabla ya Kristo, mtawala Ashoka alitangaza kwenye nguzo zake kwamba alipanda miti ya vivuli kando ya barabara, akachimba visima na kujenga nyumba za kupumzikia, kwa faida ya watu na wanyama. Karne nyingi baadaye, Sher Shah Suri, aliyetawala miaka mitano tu, 1540 hadi 1545, aliijenga upya barabara kuu ya kaskazini kutoka Bengal kuelekea mto Indus na kuweka sarai kila baada ya mwendo mfupi. Ndani yake Wahindu walikuwa na sehemu yao ya kulala na kula, na Waislamu yao.

Utengano huo ni sehemu ya habari, na hakuna aliyeueleza vizuri kuliko Ibn Battuta. Msafiri huyu anajulikana pwani ya Afrika Mashariki, kwani mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa, akamkuta Sultani al-Hasan bin Suleiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa wingi wa zawadi zake. Miaka kadhaa baadaye alikuwa akitembea pwani ya Malabar, Kerala ya leo. Anasimulia kwamba kila nusu maili palikuwa na kibanda cha mbao chenye mabenchi ya kukalia wasafiri wote, Mwislamu na asiye Mwislamu. Pembeni palikuwa na kisima na mtu wa kukihudumia. Akija Mhindu, alipewa maji kwenye chombo. Akija Mwislamu, mhudumu alimmiminia maji viganjani, akaendelea kumimina mpaka mgeni mwenyewe aashirie kwamba yametosha. Chombo hakikuguswa. Kiu ilikatwa na mpaka ukabaki palepale, na msafiri yule hakuona hitilafu yoyote katika kuyaandika mambo hayo mawili pamoja.

Mpaka huo ndio Masikh waliokusudia kuuvunja katika langar. Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469, ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa jiko hilo la wote, na Guru wa tatu, Amar Das, aliliwekea sharti: anayetaka kuonana naye, kwanza akae chini kwenye safu pamoja na wengine, ale. Tajiri, kibarua, Brahmini na mfagiaji wote mkekani, bega kwa bega. Sharti hilo lilikuwa na makali katika nchi ambayo kula na mtu kulikuwa tamko la ukoo na hadhi.

Leo kwenye Hekalu la Dhahabu la Amritsar makumi ya maelfu ya watu hulishwa kila siku, na siku za sikukuu idadi huzidi hapo. Mgeni huvua viatu, huosha miguu, hufunika kichwa, hupokea sinia la chuma, kisha huketi. Wahudumu hupita na ndoo za dengu na wali wa maziwa wenye sukari, na wa chapati huja nyuma yao. Chapati haichukuliwi kwa vidole viwili kama kitu cha dukani. Hupokewa kwa mikono miwili iliyofunguliwa. Kisha kelele: maelfu ya masinia yakirushwa kutoka mkono hadi mkono kwenda kuoshwa na watu waliojitolea, wengine wakiwa ni wageni walewale waliokula dakika chache zilizopita. Wasafiri wa barabara ya Nairobi kwenda Mombasa wana mfano wake karibu, hekalu la Masikh la Makindu, lililojengwa mwaka 1926, ambapo dereva wa lori na mtalii hupata chakula bila kuulizwa dini.

Hadi hapa nimezungumzia msafiri wa kawaida. Wafalme nao walikuwa na namna yao, na hapo ndipo sherehe ilipoanza kuandaliwa kwa ajili ya macho ya mgeni. Mwaka 1443 Abdur Razzaq, mjumbe kutoka Herat, alifika Vijayanagara, jiji ambalo magofu yake tunayaita Hampi. Kila siku aliletewa kondoo wawili, jozi nne za kuku, mani tano (kipimo cha uzito) za mchele, mani moja ya siagi, moja ya sukari, na sarafu mbili za dhahabu. Hakuwa mtu wa kusahau posho. Baadaye, upepo wa baraza ulipogeuka na ikakatwa, hilo nalo aliliandika. Kubwa zaidi, alialikwa kushuhudia Mahanavami, sherehe ya siku za mwisho wa mvua. Tembo waliopambwa walikusanywa kutoka kila jimbo, wachezaji wakacheza, na mfalme akaketi juu ya wote. Miaka themanini hivi baadaye Mreno Domingo Paes aliiona sherehe hiyohiyo, naye akaijazia kurasa. Jukwaa kubwa la mawe lililotumika bado limesimama Hampi, kuta zake zimechongwa tembo, farasi na wageni waliovaa kofia ndefu.

Vijayanagara ilipoanguka, watawala wa Mysore walijiona warithi wake. Raja Wodeyar alianza kuadhimisha sherehe hiyo, kwa jina la Dasara, huko Srirangapatna mwaka 1610, na sherehe hiyo haijafa. Kilichobadilika ni nani anayepanda tembo. Serikali ya India ilipofuta posho na vyeo vya wafalme mwaka 1971, kiti cha dhahabu chenye uzito wa kilo 750 hivi kilikosa mwenyewe. Sasa hubeba sanamu ya mungu wa kike Chamundeshwari, huku kasri likiwashwa karibu taa laki moja na wageni wakinunua viti vya kutazamia. Mgeni wa mfalme amekuwa mteja wa jimbo. Sidhani Abdur Razzaq angeona tofauti kubwa katika maandamano yenyewe, ila kondoo wake angewakosa.

Prayag, panapokutana mito ya Ganga na Yamuna, mwenyeji hakuwa mfalme. Alikuwa kuhani wa mahujaji, panda kwa lugha ya huko, ambaye kila familia humrithi kutoka kwa babu zake. Mhujaji akitoka kijiji cha mbali hakuhitaji anwani: alitafuta bendera. Kila panda huinua mlingoti mrefu wenye alama yake, samaki kwa huyu, kingine kwa yule, ili asiyejua kusoma aione kutoka upande wa pili wa umati. Chini ya bendera panda hutoa daftari refu, humwuliza mgeni kijiji na ukoo, hupekua, na mara nyingi humwonesha jina la babu aliyefika hapohapo kuoga. Kisha humtafutia pa kulala na pa kupika. Huduma hiyo ina malipo, tena mapanda wana sifa ya kubana. Lakini kwa mkulima aliyepotea kati ya watu laki kadhaa, yule alikuwa jamaa.

Waingereza waliona umati na kuona fedha. Hadi mwaka 1840 Kampuni iliwatoza mahujaji kodi Prayag, Gaya na Puri. Baadaye ilikuja reli, na pamoja nayo hofu ya kipindupindu na hamu ya kuandikisha kila kitu. Sheria ya mwaka 1867 ililazimisha sarai zote ziandikishwe na kukaguliwa. Mwanahistoria Kama Maclean amedai kwamba Kumbh Mela ya Prayag, yaani kusanyiko kuu la mahujaji wa kuoga mtoni, kwa jina na umbo la sasa, ilichukua sura baada ya maasi ya 1857 dhidi ya Waingereza, juu ya mkusanyiko wa kale zaidi wa kila mwaka, na kwamba mapanda wenyewe walikuwa na mkono katika hilo. Waumini wengi hawakubaliani naye. Mimi naona hoja yake ina uzito: desturi nyingi tunazoziita za tangu na tangu zimefanyiwa matengenezo na watu waliotegemea wageni.

Mfano ulio wazi zaidi uko Alappuzha, Kerala. Mwaka 1952 Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru alikuja kutembea, na wenyeji, kwa kumkirimu, wakamwandalia mbio za mashua ndefu zenye tezi lililoinuka kama kichwa cha nyoka, kila moja na wapiga makasia zaidi ya mia wakiimba kwa pamoja. Mashua ya kwanza ilipofika, Nehru aliruka ndani yake, walinzi wakabaki wameduwaa. Aliporudi Delhi alituma kombe la fedha. Mapokezi ya mgeni mmoja yakawa mashindano ya kila mwaka yenye jina lake na maelfu ya watalii kingoni.

Pushkar, katika jangwa la Rajasthan, mambo yamekwenda kinyume. Mnada wa ngamia ulikua kwa sababu wafugaji walikuja kuoga ziwani mwezi mpevu wa Kartik na kuuza mifugo njiani. Watalii wakaja kuwapiga picha. Kisha mwaka 2015 jimbo likatunga sheria ya kuwalinda ngamia, ikizuia kuwachinja na kuwatoa nje ya jimbo, na wafugaji wakalalamika kwamba bei imeanguka. Kamera ni nyingi, ngamia wanapungua.

Mwanzoni mwa 2025 Prayagraj, ndiyo ile Prayag, iliandaa Kumbh iliyotangazwa na serikali kuwa na mamia ya mamilioni ya waogaji. Mahema ya kifahari yalikodishwa kwa makumi ya maelfu ya rupia kwa usiku mmoja, na wakati huohuo masufuria ya mashirika ya dini yaligawa wali na dengu bure. Tarehe 29 Januari umati ulisongamana na watu wasiopungua 30 wakafa. Njia zikafungwa, na maelfu wakakwama mjini usiku wa baridi. Kabla ya hapo, baadhi ya viongozi wa dini walikuwa wametaka wafanyabiashara Waislamu wasiruhusiwe kwenye viwanja vya mela. Usiku huo Waislamu wa mitaa ya kale ya jiji walifungua misikiti, madargah (makaburi ya mawalii), shule na nyumba zao, wakatandika mazulia, wakagawa mablanketi, wakapika chai na chakula kwa mahujaji Wahindu wasiowajua, nao mahujaji wakala wakalala.