Mafuta yasiyotaka kutembea

Mkazi wa Kintinku, wilayani Manyoni, amezoea mafuta yanayopanda. Reli ya Kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914, inapita hapo hapo kabla ya kuanza kupandisha ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Saranda na Manyoni. Mabehewa ya matangi yameupanda ukingo huo miaka nenda rudi, na barabarani malori ya mafuta yanakata mbuga kwenda Mwanza na nchi jirani. Mizigo hiyo ni petroli na dizeli. Ukifungua koki, inatiririka yenyewe.

Mafuta ya kushuka kwenda baharini yana tabia tofauti. Njia yake haigusi Manyoni. Iko kaskazini ya Mkoa wa Singida: Iramba, Mkalama na Singida Vijijini. Ni bomba la EACOP, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Mafuta ghafi ya Ziwa Albert yamejaa nta. Yakipoa hadi nyuzi joto 40 hivi yanaanza kushikana kama samli ya asubuhi ya Juni, na bomba likizimika yakiwa katika hali hiyo, kuyaamsha ni kazi.

Kwamba yapo ilijulikana zamani. Mjiolojia E. J. Wayland aliandika habari za mafuta yanayochuruzika kando ya ziwa hilo miaka ya 1920, na mwaka 1938 kikachimbwa kisima cha Waki karibu na Butiaba. Vita vikaja, shughuli ikalala. Ugunduzi wa kibiashara ulithibitishwa mwaka 2006. Ndipo likaja swali ambalo kwa maoni yangu lilikuwa gumu kuliko kuyapata: yatafikaje pwani?

Ulimwenguni watu wamelijibu hasa kwa namna tatu. Kuyapasha moto. Kuyazimua kwa mafuta mepesi. Na ya tatu, ambayo mtu akiisikia mara ya kwanza hudhani anataniwa: kuyachanganya na maji.

Mchanganyiko huo ni emalsheni. Mafuta mazito hupigwa ndani ya maji mpaka yawe matone madogo kabisa, kisha hutiwa dawa ya jamii ya sabuni ili matone yasirudiane. Kinachogusa ukuta wa bomba sasa ni maji. Mafuta yanaelea katikati kama abiria. Kitu kilichokuwa kizito kama lami kinasukumika kwa pampu ya kawaida, bila kuchemshwa. Huko Kalimantan, Indonesia, njia hii ilitumika tangu miaka ya 1960 kwa mafuta yenye nta, jamaa wa karibu wa haya ya Uganda.

Waliolifikisha jambo hili mbali kuliko wote ni Wavenezuela. Katika miaka ya 1980 kituo cha utafiti cha Intevep, cha shirika la mafuta la taifa PDVSA, kikishirikiana na BP, kilitengeneza Orimulsion kutokana na lami ya ukanda wa Orinoco: asilimia 70 lami, asilimia 30 maji. Ujanja wake ulikuwa kwamba huko mwisho wa safari hapakuwa na haja ya kuyatenganisha. Meli zilipeleka mchanganyiko ule ule, maji na yote, kwenye mitambo ya umeme ya Uingereza, Denmark, Kanada na Japani, ukachomwa ulivyo. Haukufa kwa sababu ya kushindwa kutembea. Serikali ya Caracas iliona lami ile ingeleta fedha zaidi ikiuzwa kama mafuta ghafi, na uzalishaji ukasitishwa mwaka 2006.

Kwa nini basi EACOP wakachagua joto? Hesabu yenyewe inaeleza. Bomba limeundwa kupitisha hadi mapipa 246,000 kwa siku. Kwa kipimo cha Orinoco, mafuta hayo yangehitaji mapipa 105,000 ya maji, yaani lita zaidi ya milioni 16 kila siku, na bomba nene zaidi la kuyabeba yote. Maji ya kuanzia yapo Ziwa Albert. Kasheshe iko Tanga, ambako mnunuzi anataka mafuta makavu: mtu ayavunje matone, ayachuje maji na kuyasafisha kabla hayajagusa bahari ya wavuvi. Na ndani ya Singida, ambako mradi mmoja tu wa maji, Kintinku–Lusilile, ulisubiriwa na vijiji 11, kusafirisha maji kwa ajili ya mafuta kungezua maneno.

Kwa hiyo bomba limevishwa. Katika kiwanda cha Sojo, wilayani Nzega, kilichozinduliwa Machi 2024, vipande vya chuma vya inchi 24 vilipakwa povu zito la kuzuia joto, kisha gamba la plastiki gumu juu yake. Nyaya za umeme zinafuatana na bomba chini ya ardhi ili mafuta yabaki juu ya nyuzi 50. Kenya ilikuwa imejaribu kwa udogo: kuanzia Juni 2018 mafuta ya Turkana, nayo yenye nta, yalibebwa kwa malori katika matangi yaliyokingwa yasipoe, na Agosti 2019 meli ya kwanza ikaondoka Mombasa na mapipa 240,000.

Joto nalo lina bei yake: umeme usiokatika miaka yote bomba litakapokuwa kazini. Wapinzani wa mradi wamelisema hilo sana, na sioni kama wamekosea.

Swali lenyewe huenda likarudi Singida. Shirika la mafuta la taifa, TPDC, linatafuta mafuta katika bonde la Eyasi–Wembere, linaloingia Iramba na Mkalama. Yakipatikana na yakawa mazito, emalsheni itatajwa tena mezani, na kizuizi cha kwanza kitakuwa Ziwa Eyasi lenyewe: maji yake ni ya chumvi, na chumvi huharibu kazi ya sabuni nyingi za aina hiyo.