Mwenzi wa Mazungumzo: Historia ya Ufundishaji wa Stadi ya Kuzungumza Kijapani kwa Wageni, 1592–2010

Katika mijadala kuhusu ufundishaji wa Kijapani kama lugha ya kigeni, udhaifu wa wanafunzi katika kuzungumza aghalabu huhusishwa na mfumo wa maandishi. Hudaiwa kwamba mwanafunzi anayetumia miezi yake ya mwanzo kukariri kanji, yaani herufi zenye asili ya Kichina, hubaki bila muda wa kuuzoeza ulimi. Sehemu hii inalipima dai hilo kwa kurejelea vipindi vitatu vya kihistoria.

Kipindi cha kwanza ni cha Wajesuiti. Toleo lao la masimulizi ya vita vya ukoo wa Heike, lililochapwa Amakusa, Kyushu, lina tarehe ya mwaka 1592 na limeandikwa kwa herufi za Kirumi. Fabian Fucan, bruda Mjapani, aliyatoa masimulizi hayo katika lugha ya kifasihi ya karne zilizotangulia, akayaweka katika lugha iliyosemwa wakati wake, kwa muundo wa majibizano ya watu wawili. Ukurasa wa jina unataja waliokusudiwa: wanaotaka kujifunza lugha na historia ya Japani. Kwa maoni yangu huu ulikuwa uamuzi wa kijasiri, kwa kuwa kazi yenye hadhi ilirekebishwa ili imfae mgeni anayejifunza kusema. Hata hivyo, herufi za Kirumi pekee hazielezi mafanikio ya Wajesuiti. João Rodrigues, Mreno aliyejulikana kwa lakabu ya Tçuzu, yaani mkalimani, alifika Japani mwaka 1577 akiwa kijana. Alipokalimani mbele ya Toyotomi Hideyoshi mwaka 1591, toleo la Amakusa lilikuwa bado halijatoka. Lugha aliipata kwa kuishi na wenyeji.

Vita Kuu ya Pili vilirudisha suala hilo nchini Marekani, ambako wasemaji wa Kijapani walihitajika kwa haraka. Njia mbili zilifuatwa. Ya kwanza ni ya wanaisimu wa Yale. Bernard Bloch na Eleanor Harz Jorden walitoa kitabu cha Kijapani cha mazungumzo mwaka 1945, kikitumia herufi za Kirumi na kumtaka mwanafunzi aige sauti ya mzawa. Jorden aliendeleza msimamo huo hadi katika Japanese: The Spoken Language, kilichoanza kutoka mwaka 1987, alichoandika pamoja na Mari Noda. Humo alama za kiimbo zimewekwa juu ya herufi, kwa sababu neno hashi, kwa mfano, lina maana ya vijiti vya kulia au ya daraja kutegemea mahali sauti inapopanda. (Mzungumzaji wa Kiswahili, aliyezoea mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho, ana sababu ya pekee ya kuzizingatia alama hizo.)

Njia ya pili ndiyo inayolitikisa dai tunalolipima. Shule ya lugha ya Jeshi la Wanamaji, iliyohamia Boulder, Colorado, mwaka 1942, ilitumia vitabu vya Naganuma Naoe, vilivyoandikwa kwa maandishi ya Kijapani. Kanji zilifundishwa mapema, na bado wahitimu wake waliweza kuwahoji mateka. Walimu wengi walikuwa Wamarekani wenye asili ya Japani, baadhi yao wakitoka katika kambi walimozuiliwa na serikali ileile iliyowahitaji. Vikundi vilikuwa vidogo na masomo yaliendelea siku sita kwa juma. Basi, Amakusa, Yale na Boulder zilitofautiana katika maandishi. Zilichoshirikiana ni mzawa aliyekuwa karibu, akisikiliza na kusahihisha.

Mzawa huyo hana nafasi katika mtihani wa kimataifa wa umahiri wa Kijapani, JLPT, ulioanza mwaka 1984. Hata baada ya marekebisho ya mwaka 2010, yaliyoleta ngazi tano kuanzia N5 hadi N1, mtihani umebaki kupima msamiati, sarufi, usomaji na usikilizaji kwa maswali ya kuchagua jibu. Mtahiniwa aweza kutunukiwa N1, ngazi ya juu kabisa, pasipo mtahini yeyote kuisikia sauti yake. Ni vigumu kumlaumu mwalimu anayepunguza vipindi vya mazungumzo kadiri tarehe ya mtihani inavyokaribia, ilhali cheti hicho ndicho waajiri wengi wa Japani wanachokitambua.