Wasichana wa Kilima cha Budo

Upande wa kusini-magharibi ya Kampala, mbali kidogo na barabara iendayo Masaka, kipo kilima kiitwacho Budo. Kwa Waganda kilima hiki ni kitukufu. Wazee wao husimulia kwamba hapo ndipo Kintu alipomshinda Bemba, mtawala mkatili aliyeitwa Nyoka, na kwa desturi Kabaka hutawazwa papo hapo, mahali paitwapo Naggalabi. Hata Kabaka Ronald Mutebi alitawazwa hapo mwaka 1993.

Juu ya kilima hicho, tarehe 29 Machi 1906, wamisionari Waanglikana wa CMS walifungua shule, wakaiita King's College. Ilianza na wavulana 21, na mkuu wake wa kwanza alikuwa H. W. Weatherhead. Mtu asidhani kwamba shule ile ilifunguliwa kwa kumhurumia mtoto wa mkulima. Ilikusudiwa wana wa machifu, ili watakapokaa katika viti vya baba zao wawe wamekwisha jua Biblia, Kiingereza na hesabu, na kuzoea kutii kengele. Taratibu zake zilifuata zile za shule kubwa za bweni za Uingereza. Baadhi ya mabweni yalipewa majina ya nchi za mbali, hata likawapo moja liitwalo Turkey, yaani Uturuki. Nadhani ni vijana wachache sana wa Kiganda waliotazamia kulala Uturuki. Wito wa shule, lakini, ulikuwa wa Kiganda halisi: Gakyali Mabaga, maana yake kazi iliyotendwa bado ni ya mwanzo tu.

Na wasichana je? Hao walikwisha jengewa shule yao Gayaza mwaka 1905, mwaka mmoja kabla ya Budo. Walifundishwa kusoma na kuandika, na neno la Mungu. Lakini pia walishika jembe, wakasuka mikeka, wakapika. Hatuna haki ya kuicheka kazi hiyo. Katika Buganda shamba la ndizi lilikuwa mikononi mwa wanawake, na nyumba isiyokuwa na shamba ilikuwa na njaa. Walakini yafaa tuone fikira iliyokuwa nyuma ya mpango huo. Mvulana alisomeshwa kwa ajili ya baraza; msichana alisomeshwa kwa ajili ya mvulana, ili chifu Mkristo apate mke Mkristo, msafi na mwenye kusoma. Ratiba mbili za masomo zilikuwa zimewaandikia watoto wa nyumba moja maisha mawili.

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, iliyotumwa kutoka Marekani, ilizunguka Afrika ya Mashariki ikichunguza elimu. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Dakta James Aggrey wa Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana. Aggrey alizoea kuwaambia watu kwamba ukimsomesha mwanamume umesomesha mtu mmoja, bali ukimsomesha mwanamke umeisomesha jamaa nzima. Maneno hayo yalifungua masikio ya wengi, nasi walimu tungali tukiyarudia hadi leo. Hata hivyo, ukiyachunguza sana, utaona kwamba bado yamwelimisha mwanamke kwa faida ya nyumba yake. Hayasemi kwamba msichana aweza kuitaka hesabu kwa sababu aipenda hesabu.

Wakati huo mkuu wa Budo alikuja kuwa Kanoni H. M. Grace, na katika miaka ya 1930 shule ikafungua mlango wake kwa wasichana. Baadaye Grace mwenyewe alikwenda kuwa mkuu wa Achimota huko Gold Coast, chuo ambacho Aggrey alishiriki kukianzisha, nacho pia kilisomesha wavulana na wasichana pamoja. Ili kuupima uzito wa jambo lile la Budo, tutazame hapa kwetu Kenya: Alliance High School ilianza Kikuyu mwaka 1926, lakini wasichana Waafrika hawakupata shule yao ya sekondari mahali hapo mpaka mwaka 1948, yaani baada ya miaka 22.

Watu wakisikia habari za shule ya mchanganyiko, swali lao la kwanza huwa ni wasichana walilala wapi, na nani aliwalinda. Maswali hayo si ya upuuzi, lakini jambo kubwa halikuwa bwenini. Lilikuwa ubaoni. Katika shule ya wasichana peke yao ni rahisi kuipunguza hesabu, mahali pake ikawekwa sindano na nyuzi, na asiwepo mtu wa kulalamika, kwa kuwa hakuna wa kulinganishwa naye. Katika darasa moja jambo hilo haliwezekani. Mwalimu huandika swali moja, naye anayelijua hunyosha mkono. Tena mwisho wa masomo ulikuwako mtihani wa Cambridge. Msahihishaji aliyekaa Uingereza hakuona sketi wala kaptula. Aliona namba ya mtahiniwa na jibu lake. Wasichana wale walikuwa wachache, na wengi wao walitoka katika nyumba zilizoweza kulipa ada. Hilo ni upungufu wa kweli wa Budo. Lakini wachache hao walipimwa kwa kipimo kile kile cha wenzao.

Mmoja wao alikuwa Sarah Nyendwoha. Alizaliwa mwaka 1926 huko Hoima, katika nchi ya Bunyoro, akasoma kwao Duhaga kabla ya kuja Budo. Huko Budo aliipenda hesabu. Mwaka 1945 Chuo cha Makerere kilipokea wanawake kwa mara ya kwanza, sita tu, naye alikuwa mmoja wa hao sita. Wito wa Makerere hadi siku zile ulikuwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya "Tuwe wanaume". Mwaka ule ule ulibadilishwa, ukawa "Twajenga kwa ajili ya siku zijazo".

Kumbe kubadili maneno ya ngao ni kazi nyepesi kuliko kubadili moyo wa mwalimu. Sarah alipokwenda kusoma hesabu, mwalimu wa somo hilo alikataa kufundisha darasa lenye mwanamke. Hakusema kwamba msichana hajui. Hakumpima hata kidogo. Lile alilokuwa amelipata Budo bila kugombana, yaani kiti mbele ya ubao, alinyimwa katika chuo kikubwa kuliko vyote katika Afrika ya Mashariki. Ikambidi kuchukua masomo mengine, na historia ikiwa mojawapo. Sisi wapenzi wa historia tulipata faida hapo, lakini ni faida ambayo hatukuistahili.

Mwaka 1951 aliingia chuo cha St Anne's, Oxford, akasoma historia, na mwaka 1954 akawa mwanamke Mwafrika wa kwanza kutoka Afrika ya Mashariki na ya Kati kupata shahada ya chuo kikuu. Aliporudi Uganda akashika kazi ya ualimu, aligundua kwamba atalipwa mshahara mdogo kuliko mwanamume mwenye shahada kama yake. Alikuwa amekwisha fanya mtihani uleule pamoja na wanaume, Budo na Oxford, basi hakuona sababu ya kupokea malipo mengine. Akawaambia wakubwa kwamba heri afundishe bure kuliko kuupokea mshahara ule, naye akaukataa kweli.

Tangu mwaka 1958 hadi 1961 alikuwa mjumbe katika Baraza la Kutunga Sheria la Uganda. Aliolewa na mchoraji Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro, ambaye baadaye aliiwakilisha Tanganyika huko London. Sarah Ntiro alifariki mwezi wa Oktoba 2018, akiwa na umri wa miaka 92. Shule ya Budo ingali juu ya kilima chake, na wavulana na wasichana wangali wakisoma hesabu katika darasa moja.